Gari la Michezo kwa Bei Nafuu: Mambo ya Kuhakiki Kabla ya Kulipa

Magari ya michezo yamekuwa yakionekana zaidi katika barabara za miji yetu. Toyota Celica, Toyota 86, Subaru BRZ, Mazda RX-8 na Nissan Fairlady Z hutangazwa kila wiki katika yadi na katika mitandao ya kijamii, pamoja na Toyota Altezza, ambalo hununuliwa na vijana kwa sababu zilezile: umbo, mlio na mwendo. Bei yake mara nyingi huwa chini kuliko ya gari la familia la umri uleule, na unafuu huo ndio unaomvuta mnunuzi wa mara ya kwanza.

Unafuu huo una sababu zake. Gari la michezo huwa limeendeshwa kwa nguvu zaidi, limebadilishwa vifaa mara nyingi zaidi, na mafundi wanaolifahamu ni wachache. Kwa hiyo mlaji anayelinunua hununua pia historia yake yote, iliyoandikwa na isiyoandikwa. Makala hii inaeleza namna ya kuisoma historia hiyo kabla fedha haijatoka mkononi. Mifano imetolewa kwa kumfikiria mkazi wa Mkuyuni, wilayani Nyamagana, jijini Mwanza, lakini kanuni zake zinamfaa mlaji popote nchini.

Neno "jipya" lina maana zaidi ya moja

Katika matangazo mengi, "gari jipya" si gari lililotoka kiwandani bila kutumika. Ni gari lililotumika Japani au kwingineko, likaingizwa nchini hivi karibuni na halijawahi kumilikiwa na mtu hapa. Magari ya michezo mapya kabisa huuzwa nchini kwa nadra, na bei yake haiwezi kuitwa nafuu kwa mlaji wa kawaida. Kwa hiyo uchaguzi halisi ulio mbele ya wengi ni kati ya gari lililotumika ng'ambo pekee na gari lililotumika ng'ambo kisha likatumika tena hapa nchini.

Kosa la pili linatokana na namba ya usajili. Namba zetu huanza kwa herufi T, zikifuatwa na tarakimu tatu na herufi tatu, na ni kawaida kusikia gari likisifiwa kuwa ni "namba E" au kudharauliwa kuwa ni "namba D". Herufi hizo zinaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Hazionyeshi lilitengenezwa lini. Celica la mwisho lilitoka kiwandani mwaka 2006. Likiingizwa nchini leo litapewa namba ya leo, lakini chuma chake, mipira yake na nyaya zake vitabaki na umri wake. Usikubali kulipa nyongeza ya bei kwa ajili ya herufi kabla hujausoma mwaka wa kutengenezwa kwenye kadi ya gari.

Kodi huifuata injini na umri

Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8, na Uganda imeweka ukomo wa miaka 15. Tanzania haikuweka ukomo wa namna hiyo. Badala yake, gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Hivyo, uamuzi wa kuingiza gari lenye umri mkubwa umeachwa kwa mnunuzi mwenyewe, naye ndiye anayebeba gharama yake.

Kwa viwango vilivyozoeleka, gari dogo la abiria hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya thamani yake likiwa limefika bandarini. Ushuru wa bidhaa hutegemea ukubwa wa injini: asilimia 5 kwa injini ya sentimita za ujazo 1,001 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa injini inayozidi hapo. Gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15 ya uchakavu, na lililozidi miaka 10 huongezewa asilimia 30. Mwisho huja Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, inayokokotolewa juu ya jumla ya thamani na ushuru huo wote.

Tuchukulie gari la injini ya lita 2 lenye thamani ya forodha ya shilingi 10,000,000, lenye umri unaozidi miaka 10. Ushuru wa forodha ni shilingi 2,500,000, na jumla inakuwa shilingi 12,500,000. Asilimia 5 ya jumla hiyo ni shilingi 625,000, na asilimia 30 ya uchakavu ni shilingi 3,750,000. Jumla mpya ni shilingi 16,875,000, na asilimia 18 yake ni shilingi 3,037,500. Kodi zote kwa pamoja zinafikia shilingi 9,912,500, yaani karibu sawa na thamani ya gari lenyewe, kabla ya kuhesabu tozo nyingine za forodha, gharama za bandari na ada ya usajili. Gari la thamani hiyohiyo ambalo halijafikia umri wa kutozwa uchakavu lingelipiwa shilingi 5,487,500.

Mambo mawili yanafaa kukumbukwa. Kwanza, Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) hutumia makadirio yake ya thamani, wala haifungwi na bei uliyolipa Japani. Kikokotoo chake cha magari yaliyotumika kipo kwenye tovuti yake na hutumiwa bila malipo. Pili, viwango hubadilishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo hakiki kabla ya kuagiza. Toyota 86 la kwanza, lililoanza kuuzwa mwaka 2012, lina injini ya sentimita za ujazo 1,998 na liko katika kundi la asilimia 5. Mrithi wake, GR86, lina injini ya lita 2.4 na linaingia katika kundi la asilimia 10, sawa na Fairlady Z lenye injini ya lita 3.5.

Karatasi na chuma lazima vikubaliane

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Daftari la gari ni kadi yake ya usajili, na kazi ya kwanza ya mnunuzi ni kulinganisha kilichoandikwa humo na kilichopo mbele ya macho yake. Dai kadi halisi, si nakala wala picha ya simu. Soma jina la mmiliki, mwaka wa kutengenezwa, rangi, namba ya chesisi, namba ya injini na ukubwa wa injini, kisha tafuta kila kimoja kwenye gari.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yana namba ya chesisi inayoanza na alama ya aina yake. Toyota 86 huanza na ZN6, Subaru BRZ na ZC6, na RX-8 na SE3P. Celica la mwisho ni ZZT230 au ZZT231, na hapa herufi zina thamani ya fedha, kwa kuwa ZZT231 ndilo lenye injini yenye nguvu zaidi. Vivyo hivyo Altezza: GXE10 lina injini ya silinda sita, na SXE10 lina ile ya silinda nne yenye nguvu zaidi. Muuzaji akikutajia toleo la bei kubwa huku chesisi ikisema jingine, amini chesisi.

Magari ya michezo hubadilishwa injini, rangi na vifaa kuliko magari mengine. Rangi au injini ikitofautiana na kadi, muulize muuzaji kama mabadiliko hayo yalisajiliwa. Ukinunua bila kuhakiki, maswali ya askari na ya kampuni ya bima yatakuhusu wewe.

Kama jina lililo kwenye kadi si la anayekuuzia, simama. Dalali ana haki ya kutafuta wateja, lakini hana mamlaka ya kuuza asipokuwa na idhini ya maandishi ya mmiliki. Jina la benki au taasisi ya mikopo likiwa kwenye kadi, au muuzaji akisema kadi "ipo mahali", gari hilo linaweza kuwa dhamana ya deni. Sheria ya mauzo ina kanuni ya zamani: asiyekuwa na miliki hawezi kukupa miliki. Gari lililoibwa au lililowekwa rehani linaweza kuchukuliwa kutoka kwako hata kama ulilipa bei yote kwa nia njema, na utabaki kumfuata aliyekuuzia.

Kabla ya kukubaliana bei, hakiki pia faini za barabarani kupitia mfumo wa Jeshi la Polisi kwa kutumia namba ya gari, pamoja na madeni ya maegesho. Bima hakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA).

Kilomita, mnada na mitambo

Kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Kwa gari lililoingizwa karibuni, omba cheti cha kufutiwa usajili Japani na karatasi ya mnada, kisha linganisha kilomita. Kwenye karatasi ya mnada, gari lililopata ajali na kutengenezwa hupewa alama ya R au RA badala ya alama ya tarakimu. Alama hiyo peke yake haimaanishi kwamba gari ni bovu. Inamaanisha kwamba ulipaswa kuambiwa, na kwamba bei ilipaswa kuzingatia hilo. Kwa gari lililokwisha kutumika nchini, tazama pedali, usukani na ukingo wa kiti cha dereva. Pedali iliyolika hadi chuma haiendani na kilomita 40,000.

Mpeleke fundi wako, si wa muuzaji, na umlipe wewe. Gari likaguliwe injini ikiwa baridi, kwa sababu injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha mlio na moshi wa kuwashwa mara ya kwanza. Ukiwasha swichi, taa za tahadhari za injini na za mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka kwa muda mfupi kisha kuzimika. Taa isiyowaka kabisa huenda imetolewa ili kuficha hitilafu. Kompyuta ya gari ipimwe kwa mashine, na gari linyanyuliwe ili sehemu ya chini ionekane. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani hupita katika barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na kutu huanzia huko chini.

Kila aina ina udhaifu wake. RX-8, lililotengenezwa kati ya 2003 na 2012, lina injini ya mzunguko isiyo na pistoni za kawaida. Ukubwa wake wa sentimita za ujazo 1,308 huwadanganya wengi wakidhani hutumia mafuta kidogo. Kwa kweli hutumia petroli nyingi, na huunguza oili kwa jinsi ilivyobuniwa, hivyo oili yake hukaguliwa mara kwa mara. Ikiwa ya moto na ikasita kuwaka, mgandamizo wake huenda umeshuka, na tiba yake ni kufungua injini yote. Usinunue RX-8 bila kipimo cha mgandamizo kilichofanywa na fundi anayeijua injini ya aina hiyo. Kwa Celica lenye injini ya 1ZZ, hasa la miaka ya mwanzo, uliza na upime ulaji wa oili. Kwa Toyota 86 na BRZ, jaribu klachi na gia ya mkono, na kumbuka kwamba mtengenezaji anaelekeza petroli ya oktani ya juu.

Usalama usioonekana kwa macho

Watengenezaji wanapogundua hitilafu ya hatari, hutangaza wito wa kurejesha magari ili yafanyiwe marekebisho bila malipo. Gari lililouzwa nje ya Japani kabla ya marekebisho hayo huja na hitilafu yake, na mmiliki mpya huenda asipate taarifa kamwe.

Mfano mkubwa ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani. Kemikali inayoujaza mfuko huo huharibika kadiri miaka inavyopita, hasa katika joto na unyevu, na mfuko unapofunguka unaweza kurusha vipande vya chuma kwa walio ndani ya gari. Watu wamekufa katika nchi kadhaa kwa sababu hiyo. RX-8 ni miongoni mwa magari yaliyohusika, na kwa wakazi wa ukanda wa ziwa, ambako joto na unyevu hukutana, jambo hili si la kupuuza. Mfano wa pili ni Toyota 86 na BRZ: Novemba 2018 Subaru, inayoyatengeneza yote mawili, ilitangaza kubadilisha springi za vali katika magari yaliyotengenezwa takriban mwaka 2012 na 2013, kwa kuwa zinaweza kuvunjika na kuizima injini gari likiwa kwenye mwendo. Peleka namba ya chesisi kwa wakala rasmi wa chapa hiyo, au iingize kwenye tovuti ya mtengenezaji, ujue kama gari unalolitaka lilifanyiwa marekebisho.

Tairi nazo zina umri. Ubavuni kuna tarakimu nne za tarehe: 3221, kwa mfano, ni wiki ya 32 ya mwaka 2021. Tairi yenye kashata nzito lakini yenye miaka kumi si tairi salama kwa gari la mwendo. Magari haya hutumia tairi pana na fupi, kama 215/45R17 kwa matoleo mengi ya Toyota 86. Ulizia bei na upatikanaji wake Mwanza kabla ya kununua gari, si baada ya tairi kupasuka.

Gari na barabara utakazolipitisha

Uvungu wa Toyota 86 uko takriban milimita 130 kutoka ardhini. Kwenye lami ya Barabara ya Kenyatta, itokayo katikati ya jiji kupitia Mkuyuni kuelekea Butimba na Nyegezi, kimo hicho hakina shida. Lakini Mwanza ni jiji la miamba, na nyumba nyingi hufikiwa kwa vichochoro vyenye mwinuko, mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua. Omba kulijaribu gari hadi mlangoni kwako, likiwa na watu unaotarajia kuwabeba. Iwapo haliwezi kufika, hesabu gharama ya kulilaza kwingine kila usiku. Springi zilizokatwa ili gari lionekane fupi zaidi huongeza tatizo hili na hupunguza uthabiti wa gari kwenye kona.

Ongeza pia gharama ya bima. Bima ndogo, ambayo ni ya lazima kisheria, hulipa madhara uliyomsababishia mtu mwingine; haikulipi gari lako. Kwa gari ambalo vipuri vyake huenda vikaagizwa kutoka ng'ambo, omba makadirio ya bima kubwa mapema.

Mkataba kwanza, malipo baadaye

Mkataba wa mauziano uandikwe na ushuhudiwe na wakili. Utaje namba ya usajili, chesisi na injini, mwaka wa kutengenezwa, kilomita, bei, madeni yaliyopo na nani atayalipa. Jambo lolote lililokufanya ukubali bei, kama vile "halijapata ajali" au "injini haijafunguliwa", liandikwe humo. Muuzaji anayelisema kwa mdomo na kukataa kuliandika amekwisha kukujibu.

Lipa kupitia benki, kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye kadi. Kama unalazimika kutoa advansi, iwe ndogo, na risiti ieleze itarudishwa katika hali gani. Ukinunua kwenye yadi, dai risiti ya EFD. Kisha kamilisha uhamisho wa umiliki TRA mara moja, mkiwa na kadi halisi, mkataba, vitambulisho na namba za mlipakodi za pande zote mbili. Ni vyema sehemu ya malipo ibaki hadi uhamisho ukamilike, na hilo pia liandikwe. Gari unaloendesha kwa jina la mtu mwingine linaweza kuuzwa tena, kukamatwa kwa deni lake au kuingia katika mirathi yake.

Haki zako zinapokiukwa

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza, na inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Anayefanya biashara ya kuuza magari anawajibika pia kuhusu ubora wake. Hata hivyo, ukilikagua gari, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuibaini. Mtu binafsi anayeuza gari lake mwenyewe ana wajibu mwepesi zaidi kuhusu ubora. Ndiyo maana mkataba wa maandishi una uzito mkubwa unaponunua kwa jirani kuliko unaponunua kwenye yadi.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Kurudisha kilomita nyuma, kutaja mwaka usio wa kweli au kuficha ajali kwa maneno ya uongo ni upotoshaji, na maneno "linauzwa kama lilivyo" hayaugeuzi uongo kuwa ukweli. Mlaji aliyepotoshwa amwandikie muuzaji kwanza, akieleza kasoro na anachodai, na abaki na nakala. Asiporidhika, awasilishe malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), ambayo ina ofisi ya Kanda ya Ziwa jijini Mwanza, akiambatanisha tangazo, mkataba, risiti, ujumbe wa simu na taarifa ya fundi. Ikiwa kuna shaka ya wizi au kughushi kadi, aende polisi bila kuchelewa. Madai ya fidia hufunguliwa mahakamani.

Kwa ufupi, kabla ya kulipa uwe na majibu ya maandishi kwa maswali matano. Nani mmiliki? Chesisi na injini ni zile zilizo kwenye kadi? Nani, asiye upande wa muuzaji, amelikagua? Wito wa marekebisho umetekelezwa? Gharama zote za kulifikisha nyumbani na kulitunza mwaka mmoja ni kiasi gani? Swali moja likikosa jibu, fedha na isubiri. Magari ya aina hii ni mengi sokoni, na lingine litatangazwa wiki ijayo.